Stripu za Kutu ya Shaba

Tarehe 3 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kile kidonda cha mguuni kimefunga kabisa. Mimi sijambo, tatizo langu ni baridi ya maabara tu. Mashine zetu zinapenda baridi, kwa hiyo sisi tunavaa masweta ili mashine zifurahi.

Kwanza, asante. Barua yako ya mwisho niliisoma nimesimama kwenye ngazi, sikuweza kungoja nifike chumbani. Najua ilivyokuuma kuandika kwamba umefunga duka la keki na kuitundika aproni. Umepamba keki za harusi tangu kabla sijazaliwa. Lakini mtu mwenye kisukari kushinda mchana kutwa amezungukwa na sukari ni kujitafutia balaa, na muuguzi alikwambia, na mimi nilikwambia. Sasa angalau nalala usingizi wa maana.

Pili, hilo la kliniki. Unasema huendi kupimwa kwa sababu foleni iko barazani, barabara inapita mbele yake, na muuguzi anatangaza namba ya sukari ya kila mtu kama anayenadi nguo za mitumba. Unaogopa wateja wako wapite waseme, "Kumbe mwenye keki zimemla mwenyewe." Baba, huu ni ugonjwa, si wizi. Ila nakujua, kwa maneno sikuwezi. Nimeamua kukuweza kwa posta.

Fungua kifurushi. Kile kidude kama kikokotoo ni mashine ya kusomea. Kwenye kopo kuna stripu, vile vipande vyembamba vya kupimia sukari, nimezitengeneza kwa mikono yangu. Zile za dukani zina kimeng'enya, kitu kinachotoka kwa viumbe hai, na joto likizidi kinaharibika kama maziwa. Zangu hazina hicho. Nimepaka oksidi ya shaba, yaani kutu ya shaba, lakini chembe zake ni ndogo kiasi kwamba unga wako wa keki, hata uuchekeche namna gani, mbele yake ni kokoto. Tone la damu likigusa pale, ile kutu inanyang'anya elektroni za sukari, umeme kidogo unatembea, mashine inausoma na kukupa namba. Basi. Hakuna cha kuoza. Iache juani, iache kabatini, iko vilevile.

Usilowanishe kidole, maji yakiingia kwenye damu namba inadanganya. Futa kwa kitambaa safi kikavu, choma, gusisha. Na usimwonyeshe mtu. Msimamizi wangu anasema stripu zangu bado hazijafikia kupimia watu. Ni mtu mzuri, ila ni mwoga. Mimi nazijua.

Niandikie namba unazopata. Simu sikupigii, maana mara ya mwisho ulinijibu "Ndiyo, nimekula" nilipokuuliza kama mvua imenyesha.

Binti yako


Tarehe 19 Februari

Mwanangu, Daktari wa Kutu,

Marahaba. Sisi huku wazima, mguu umefunga, kilichobaki ni kovu na majivuno ya muuguzi aliyelifunga. Wewe vaa sweta. Usije ukaugua kwa ajili ya kufurahisha mashine.

Masikio yangu usiyacheke. Ile mashine ya kuchanganyia unga imenivumia miaka yote hiyo, ungekuwa wewe ungekuwa unaongea kwa ishara. Tena barua ni nzuri. Kwenye barua mtu anajipanga.

Kifurushi kimefika. Jirani yangu, Bi Shela wa duka la nguo za harusi, aliona muhuri wa posta akataka kujua umeniletea nini. Nikamwambia saa. Akasema saa gani inaomba damu? Kumbe ameshachungulia. Basi nimemwapisha, yeye peke yake ndiye anajua. Anajua na ugonjwa wangu pia, maana ndiye aliyeniona nikifungwa kidonda.

Sasa namba. Mwanangu, nimeona aibu hata kuziandika. Asubuhi kabla ya kula mashine ilisema kumi na moja. Siku ya pili kumi na tatu. Juzi kumi na nne na nusu, nikaizima haraka kama mtu aliyefumwa. Yule muuguzi aliniambia kabla ya kula isizidi saba, na ikipita kumi niongeze insulini kidogo. Nimeongeza.

Na mimi sijaonja kitu. Nakula kile kile alichoniandikia, mboga za majani mpaka najiona mbuzi. Chai nainywa chungu. Sukari haijapita mdomoni mwangu tangu nilipolala hospitali, na nakuapia kwa kaburi la mama yako.

Sijui hiyo sukari inatoka wapi. Au mwili umeanza kuitengeneza wenyewe?

Baba yako


Tarehe 2 Machi

Baba,

Shikamoo. Mzima? Mguu je? Mimi niko salama, nina kazi nyingi. Nimechaguliwa kuwasilisha utafiti wangu kwenye mkutano wa mwezi ujao, mbele ya watu ambao vitabu vyao ndivyo nilivyosomea. Nikilala naota michoro.

Namba zako zimenitoa raha. Kumi na nne kabla ya kula! Baba, naomba usikasirike kwa nitakayosema. Ulipokuwa dukani ulikuwa na tabia ya kuchovya kidole kwenye krimu na kusema, "Naangalia chumvi." Mama alikufuma mara ngapi? Ukawa unamjibu hukuonja, na masharubu yako meupe kwa krimu. Tukacheka mpaka mbavu zikauma. Sasa sicheki.

Najua kuacha si rahisi. Labda kuna kopo la asali mahali. Labda Bi Shela anakuletea biskuti. Kama ipo sema tu, hakuna atakayekugombeza. Lakini usiniapie kwa kaburi la mama halafu mashine iseme kumi na nne.

Mwili hauwezi kufanya hivyo kwa mboga za majani. Endelea na maagizo ya muuguzi, ikipita kumi ongeza. Na vyakula vya wanga punguza zaidi.

Binti yako


Tarehe 14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hongera sana kwa huo mkutano. Nimemwambia Bi Shela, naye amelitangazia soko zima kwamba mtoto wa jirani yake anaenda kufundisha maprofesa. Nimetembea mtaani kifua mbele siku mbili.

Barua yako niliisoma halafu nikaikunja nikaiweka. Sikukasirika. Uso ulinishuka, basi. Ni kweli nilikuwa naonja zamani, na ni kweli nilimdanganya mama yako, ila ule ulikuwa mchezo wetu, naye alijua. Hii siyo mchezo.

Nimeacha uji. Nimeacha mkate na viazi. Bi Shela nimempa ufunguo wa kabati la jikoni, nikamwambia asinipe hata nikimlilia. Namba bado ziko juu. Naongeza dawa. Mchana mikono inanitetemeka na jasho linanitoka kama niliyebeba gunia, halafu mara nyingine nasahau neno katikati ya sentensi. Nadhani ni hiyo sukari inanila.

Nataka kuuliza kitu, na usidhani nakudharau, mimi ni mtu wa unga na mayai. Hizo stripu haziwezi kukosea? Labda njiani posta zimepigwa na kitu?

Baba yako


Tarehe 23 Machi

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia haraka, natoka kuchapa mabango ya mkutano.

Haziwezi kukosea kiasi hicho. Nimezijaribu pamoja na vitamini C, pamoja na dawa za maumivu, pamoja na chumvi na kila kinachopatikana kwenye damu ya mtu, na mstari haukutikisika. Joto haliziharibu, nilikwambia. Nimezifanyia kazi miaka minne. Shaba haina sababu ya kunidanganya, Baba. Wewe unayo.

Nisamehe kwa kusema hivyo, lakini lazima mtu akwambie. Kutetemeka na jasho ni dalili za mwili usiotulizwa. Fuata dawa. Ukitaka kula kitu kitamu kumbuka kwamba huku kuna mtoto anayekusubiri umwone akivaa joho.

Binti yako


Tarehe 30 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Sijapata barua yako zaidi ya mwezi. Mkutano umekwisha vizuri, walipiga makofi, lakini nilikuwa natazama mlango kana kwamba utaingia na barua mkononi.

Nimepiga simu, inaita tu. Nimempigia Bi Shela. Amesema, "Yupo, yupo, anapumzika," kwa sauti ya mtu aliyekalia kitu asichotaka nikione. Nikamuuliza unapumzika kwa kazi gani na duka umefunga? Akasema kuna mteja, akakata.

Kama ni yale niliyoandika yamekuudhi, niudhikie kwa maandishi. Niandikie hata matusi, nitafurahi.

Binti yako


Tarehe 13 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini u mzima. Mimi nimekuwa mzima tena, na nitakueleza neno hilo "tena". Nimeanza barua hii na kuichana mpaka karatasi zimeniishia, hii nimeiomba kwa Bi Shela, ndiyo maana ina picha ya maua.

Sikufunga duka.

Nilifunga mlango wa mbele tu. Nyuma niliendelea. Nilipokuandikia kwamba nimetundika aproni, ilikuwa imetundikwa kweli, msumarini, na kesho yake nikaitungua. Nilishindwa. Ningekaa nyumbani nifanye nini, nihesabu mbao za dari? Na wewe uliandika barua ya furaha, eti sasa unalala usingizi. Nikaona haya kukuamsha.

Lakini kuonja sikuonja. Nilioka kwa macho na kwa pua. Krimu nilimwonjesha Bi Shela, naye anasema zote ni tamu, hana msaada.

Sasa hii harusi. Ni ya binti wa mwenye ghala la saruji, watu wazito, keki ya ghorofa tano. Nilipamba mawaridi ya sukari siku nzima, na asubuhi yake nikamalizia kuinyunyizia sukari ya unga kwa chekecheo mpaka ikawa kama imelala kwenye ukungu. Nikajipima. Kumi na sita. Nilikaa chini. Nikasema leo siku kubwa nisije nikaanguka mbele za watu, nikajichoma sindano ya kutosha, na chakula sikugusa.

Ukumbini nilipokuwa napandisha ghorofa ya mwisho, jasho likaanza. Baba wa bibi harusi akaja kuuliza kwa nini keki imechelewa. Mwanangu, sijui nilisema nini. Wanaojua wananiambia nilimwita mbuzi. Mimi, ambaye mteja sijawahi hata kumnunia. Ulimi ulikuwa mzito, miguu si yangu. Nikasikia mtu anasema, "Mzee amelewa huyu, mtoeni." Nikataka kusema sijalewa, nikashika meza ili nisimame vizuri, na meza ikaja nami.

Keki yote ilikuwa chini. Bibi harusi analia. Vijana wawili wakanibeba kwa mikono na miguu mbele ya watu wote, wengine wanacheka, wakanilaza nje penye kreti za soda. Bi Shela alikuwa ndani akirekebisha shela, akatoka mbio. Alinitilia soda mdomoni. Nikayakaza meno. Nilikuwa bado najua kitu kimoja tu, kwamba nina kumi na sita, na kwamba ukisikia nimekunywa soda utasema ulijua. Alinipanua taya kama anayemnywesha ng'ombe dawa.

Hospitali wakapima. Sukari ilikuwa imeshuka karibu na hakuna. Daktari akaniuliza nilijichoma dawa yote ile kwa ajili gani. Nikanyamaza. Stripu zako ni siri, nami sikukusaliti.

Sasa mtaa mzima unajua mimi ni mlevi. Natamani ningekuwa mlevi kweli, ningejua la kuacha.

Baba yako


Tarehe 26 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Nashukuru u hai. 

Usitumie tena stripu hata moja. Choma kopo zima. Nenda kliniki kesho, upimwe kwa stripu zao, na umwambie muuguzi kila kitu, jina langu likiwemo.

Nilipofika pale uliposema sukari ya unga niliacha barua mezani nikaenda maabara. Nilipondaponda sukari ya kawaida, nikaipaka kidoleni, nikafuta kwa koti langu la kazi lililokuwa limetapakaa sukari hiyo hiyo, nikajichoma, nikajipima. Mimi sina kisukari. Mashine ikasema kumi na saba.

Stripu za dukani, Baba, kile kimeng'enya chake kinaichagua sukari ya damu peke yake, nyingine hakiijui. Kutu ya shaba haichagui. Ikipewa sukari ya mezani inainyang'anya elektroni vilevile. Nilikuwa najua. Kila anayefanya kazi hii anajua. Niliijaribu kwa kiasi kidogo mno, nikisema nani ana sukari ya mezani kwenye damu? Hakuna, tumbo linaivunja kabla haijafika. Nikaandika kwa herufi nene kwamba stripu zangu hazibabaishwi na sukari nyingine, na kwenye mkutano walilipigia makofi hasa hilo. Sikufikiria kidole. Tena mimi ndiye niliyekwambia usikilowanishe, ufute kwa kitambaa. Ulifutia aproni, sivyo? Kwako aproni ndiyo kitambaa kisafi kuliko vyote.

Namba zote zile hazikuwa za damu yako. Zilikuwa za keki.

Nimemwambia msimamizi wangu kwamba nilitoa stripu nje na mtu ameumia. Hakufoka. Alivua miwani akaifuta, akaniuliza mtu huyo ni nani, nikamwambia ni baba yangu, akanipa kiti. Nimesimamishwa mpaka kamati ikae. Matokeo niliyowasilisha nimeandika barua kuyaondoa. Wenzangu wananisalimia kwa upole, kama niliyefiwa, na hilo linanichoma kuliko wangenicheka.

Nisamehe kwa stripu, Baba. Nisamehe kwa kuzituma kabla hazijawa tayari. Nataka kuja.

Binti yako


Tarehe 9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, namba zangu ni nzuri, sita na nusu, saba. Nakwenda kliniki. Nakaa foleni barazani na kofia nimeishusha mpaka kwenye nyusi, na yule muuguzi anatangaza jina langu na namba yangu kama ya wengine. Wapitao wanatazama. Siku ya kwanza nilitamani ardhi ipasuke. Siku hizi natamani tu foleni isogee.

Ndiyo, nilifutia aproni.

Duka sasa limefungwa kweli. Sikulifunga, watu wameacha kuja. Anayemwoza binti yake hataki mlevi karibu na keki. Mwenye ghala nimemrudishia pesa zake na nikaenda kumwomba radhi, akanipokea getini, hakunikaribisha ndani. Nilianza kumweleza kwamba ni ugonjwa. Akasema, "Mzee, nenda kapumzike." Nikaenda kupumzika.

Barua yako nimeisoma na kuirudia. Imeandikwa vizuri, mambo ya kimeng'enya nimeyaelewa. Lakini mwanangu, humo ndani umeniomba radhi kwa niaba ya stripu. Stripu sina ugomvi nayo. Ni kutu, imefanya kazi ya kutu. Haikuniambia mimi mwongo. Mtu aliyeniambia hivyo ana pua yangu na mwandiko wa mama yake.

Wewe unadhani kilichonivunja ni kuanguka. Nitakwambia kilichonivunja. Ulipoandika kwamba shaba haina sababu ya kudanganya na mimi ninayo, nilikuamini wewe. Nilianza kudhani naamka usingizini nakula bila kujua. Nilikuwa nikiamka nanusa mikono yangu. Nilihesabu mayai, nikapaka unga sakafuni mbele ya friji nione kama asubuhi kutakuwa na nyayo. Nilimwomba Bi Shela anikague midomo, mtu mzima, nimemfungulia mdomo jirani kama mtoto aliyeiba. Alikagua, akasema hamna kitu, na mimi nikamwambia hajatazama vizuri. Nilijua ulimi wangu haujagusa sukari, na bado nikauona mwongo.

Nami nilikudanganya juu ya duka, najua. Ningesema ukweli ungeulizia mikono yangu mapema. Hilo nalibeba mwenyewe, na ni zito. Kwa hiyo sikuhukumu. Ila usije kwanza. Sijui nitakutazama vipi, na wewe sijui utanitazama wapi.

Kula vizuri. Vaa sweta.

Baba yako


Tarehe 20 Juni

Baba,

Uliniambia hujaonja. Hukuonja. Sikukuamini, nikaamini kitu nilichokipaka mwenyewe kwa brashi, kwa sababu nilikipenda na kilikuwa kinanipeleka mbele za watu. Nikakuita mwongo, nikachapa mabango, nikaenda kupigiwa makofi, na wewe ulikuwa unapaka unga sakafuni. Nimeona aibu mpaka kioo cha bafuni nimekigeuzia ukutani. Sina maelezo mengine. Yale ya kimeng'enya yalikuwa ni ya kujifichia.

Kamati ilikaa jana. Waliniuliza kosa lilianzia wapi, wakitegemea niseme kwenye kipimo cha sukari nyingine. Nikasema lilianzia pale mgonjwa alipouliza kama stripu inaweza kukosea na mtafiti akamjibu kwamba mgonjwa ndiye anayekosea. Wakaniambia hilo si jambo la kisayansi, wakaomba nilitoe kwenye taarifa. Nimekataa, limeandikwa hapo, na jina langu liko chini yake. Hawajaamua kama nitaendelea na masomo.

Umesema nisije. Nakuja, nafika Jumamosi, na kwako sitagonga mpaka uniite mwenyewe. Bi Shela amekubali nilale dukani kwake katikati ya magauni. Kabla ya hapo nina nyumba za kupita. Nitaanza na ile yenye geti, ya mwenye ghala la saruji, na nisipokaribishwa ndani nitasema pale pale nje, kwa sauti ambayo barabara nzima itaisikia, kwamba siku ile baba yangu hakuwa amelewa. Alikuwa amenitii.

Binti yako